Ukinenepa, Usirudi

Mama yake alikuwa amemkataza kukaa karibu na mlango wa daka, kile kibaraza cha mbele wanapopokelewa wageni wa kiume, na Shifaa alikuwa amekaa papo hapo, goti limegusa ubao na jicho moja limebandikwa kwenye ufa. Siku hiyo angekatazwa na ulimwengu mzima asingesikia. Alikuwa akimngoja Aqil.

Miezi kumi na mmoja! Aqil, seremala wa milango kutoka kijiji cha Matondoni, alikuwa ameondoka kisiwani Amu kwa meli ya moshi kwenda Adeni, kuchonga milango na viti vya hoteli mpya ya Mparsi mmoja tajiri. Hayo yalikuwa miaka mitatu kabla ya vile vita vikuu vya kwanza, na hapo Amu neno hoteli lilikuwa bado geni. Wengi walidhani ni jina la mtu. Aqil alirudi juzi, akapita mjini amejifunika shali, akaenda moja kwa moja kwa mamake. Hata salamu hakuleta. Leo ilikuwa ni lazima aje.

Kwa sababu katika ukoo wa Bwana Mohdhar, baba yake Shifaa, kulikuwa na ada yao: siku saba kabla ya nikahi, bwana harusi huja akavishwa kanzu iliyoshonwa kwa mkono wa binti mwenyewe, mbele ya wanaume wa nyumba. Ikimkaa, inasomwa Fatiha, na hapo hapana tena wa kurudi nyuma. Shifaa aliishona kanzu hiyo kwa miezi tisa. Kipimo alikichukua kwenye kanzu kuukuu ya Aqil aliyoletewa na Tima, dada yake Aqil, rafiki yake wa tangu chuoni.

Tima mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yake sasa, kimya, uso ameukunja tangu alipoingia.

"Mbona husemi?" Shifaa alimnong'oneza.

"Ngoja uone," Tima akajibu.

Makubadhi yalisikika kwenye ngazi za daka. Shifaa akaona kwanza pindo, kisha mkono ulioshika fimbo, kisha uso. Moyo ulimruka kwa furaha, na papo hapo ukashuka. Yalikuwa ni mato yale yale aliyoyaota, meusi, yenye kope ndefu kama za msichana, lakini yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu aliyetoka kaburini. Mashavu yamebonyea. Shingo imekuwa mishipa mitupu. Aqil akainua uso akautazama mlango. Alijua yuko pale. Walitazamana kupitia ufa ule muda wa kuvuta pumzi moja tu, na katika pumzi hiyo Shifaa hakuona mapenzi wala chuki. Aliona uchovu.

"Assalam alaikum, Ami."

"Alaikum salaam." Bwana Mohdhar hakumpa mkono. Alimpima kuanzia kofia hadi miguuni. "Wewe ni Aqil?"

"Ndimi, Ami."

"Mwaka jana nilimsindikiza kijana bandarini. Alikuwa na mabega."

Aliyecheka alikuwa Jeilani, mtoto wa ndugu yake Bwana Mohdhar, mwenye shamba la minazi na tumbo la mtu mwenye shamba la minazi. Huyu alimposa Shifaa mara mbili, na mara zote mbili Shifaa alilia mpaka babake akachoka. Leo alikuwa amekaa kwenye baraza kama shahidi wa ada, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kununua.

"Mabega ameyaacha Adeni, Ami," alisema. "Yatakuja na meli ijayo."

"Mvisheni," akasema Bwana Mohdhar.

Wakamvisha. Shifaa alifumba macho, akayafumbua. Kanzu ilimteremka Aqil kama imetundikwa msumarini. Mabega yalimwangukia mikononi. Ile kazi ya shingoni, mshono mweupe juu ya mweupe uliomtoa Shifaa machozi na damu ya vidole, ililegea ikaacha wazi mifupa ya kidari.

"Humo mwaingia wawili," Jeilani alisema. "Aqil, mbona mwenzio hukuya naye?"

 Aqil aliivua kanzu polepole, akaikunja kwa adabu, akaiweka juu ya baraza.

Nyuma ya mlango Tima alimsogelea Shifaa mpaka pumzi yake ikawa moto sikioni. "Umeridhika? Si ndivyo ulivyotaka? Mtazame basi. Mtazame vizuri, usije ukasema hukumwona."

"Tima, wallahi sikujua..."

"Hukujua nini? Kuandika unajua."

Ndiyo, kuandika alijua, na laiti asingalijua. Mwanzo wa yote ni Jaafar, mume wa dadake Umulkheir. Jaafar alikwenda Bombei miezi minane, akarudi ana tumbo na mashavu, watu wakamsifu kwamba amenawiri. Baada ya nusu mwaka akashuka mwanamke wa Bombei na masanduku yake, akauliza nyumba ya mumewe iko wapi. Umulkheir alilia mwaka mzima. Na Bi Hadia, mama yao, aliifanya habari hiyo kuwa wimbo wa nyumba. Akisonga uji anasema, akisuka ukili anasema: "Mie nilipomwona Jaafar na tumbo lile nikawaambia, huyu ana mtu wa kumpikia huko. Haya, nilisema uongo?"

Kisha baharia mmoja akaja kutoka Adeni, mwezi wa tatu wa safari ya Aqil. Akasema kijana hajambo, amenenepa, kanzu zinambana makwapani. Matondoni mamake akashukuru Mungu. Amu, Shifaa akakosa usingizi. Akachukua karatasi na kalamu, akaandika: *Nasikia umenenepa. Nani anakupikia? Mimi nashona kanzu kwa mwili ule nilioagana nao. Ukinenepa, usirudi.* Tima akaipeleka kwa nahodha kwa siri, kwani binti kumwandikia mwanamume kabla ya nikahi ilikuwa aibu ya kumfungia mtu ndani milele. Haikutosha moja. Kila mwezi aliandika, na kila mwezi swali lilikuwa lile lile.

Enyi mabinti mnaosoma, kumbukeni kwamba mtu aliye mbali haoni uso wenu mnapoandika. Haoni kama mnalia kwa mapenzi. Anaona maneno tu, na hukaa nayo peke yake.

Nje, Bwana Mohdhar alikuwa ameanza kuuliza kama kadhi.

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La, Ami. Sikuumwa hata siku moja."

"Huyo Mparsi alikunyima chakula?"

"Chakula kilikuwa kingi. Mara nne kwa siku, na ukitaka zaidi unaongezewa."

"Mara nne!" Bwana Mohdhar alimgeukia Jeilani. "Wamsikia? Nyumba ya kula mara nne kwa siku, na mtu anatoka hivi. Ni nyumba gani hiyo? Ni ya majini?"

"Ni afyuni, Ami," Jeilani alisema. "Adeni wanavuta. Wakishavuta hawali."

"Sijavuta kitu," Aqil alisema. Sauti yake haikupanda.

"Basi ni kifua. Ndugu yangu alikufa kwa kifua, alianza hivi hivi, mashavu kwanza. Ulikohoa lini mara ya mwisho?"

"Sikohoi, Ami."

"Basi nini?" Bwana Mohdhar aligonga baraza kwa kiganja. "Nimekuuliza kwa upole, nakuuliza tena! Kulikuwa na chakula, hukuumwa, huvuti, hukohoi. Nini kilichokula mwili wako? Nipe sababu moja, moja tu, nimwambie mamake Shifaa anampeleka mwanawe kwa mtu wala si kwa jeneza!"

 Sababu Aqil alikuwa nayo. Angeisema kwa maneno mawili na kila mtu angemwelewa, na Shifaa angefungiwa ndani. Aliinamisha kichwa, akatazama mikono yake ya useremala iliyobaki mikubwa peke yake juu ya mwili ule.

"Sina sababu, Ami."

"Basi sina binti. Jeilani!"

"Labeka, Ami."

"Mtele wa harusi ya Alhamisi umekwisha kununuliwa, ng'ombe amefungwa uani, watu wamealikwa. Uko tayari?"

"Hata leo." Jeilani aliweka shali lake sawa begani. Kisha akamwinamia Aqil akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Pole, ndugu yangu. Karibu harusini. Uje ule."

Shifaa alihisi ubao wa mlango ukimzunguka. Alimshika Tima mkono. "Mwambie aseme. Tima, mwambie ndugu yako aseme!"

"Alinilisha kiapo nisiseme, na yeye hatasema. Sema wewe."

"Baba ataniua."

"Ndugu yangu amekaa na ndaa, tumbo tupu, miezi minane asikuaibishe. Wewe huwezi kukaa na kofi moja?"

Bwana Mohdhar alikuwa amekwisha inua mikono. Alikuwa anataka kusoma Fatiha, ya Jeilani.

"Baba, si mgonjwa!"

Mikono ya Bwana Mohdhar ikabaki hewani. Sauti ya mwanamwali kutoka nyuma ya mlango, mbele ya wanaume! Bi Hadia alitoka jikoni mbio, unga mikononi, akamziba Shifaa mdomo mpaka uso ukawa mweupe. Shifaa akauondoa mkono ule. Hakuwahi kumgusa mamake hivyo maishani mwake.

"Si mgonjwa, Baba. Ni mimi. Nilimwandikia asinenepe. Nilimwambia akinenepa asirudi."

Bwana Mohdhar akaishusha mikono.

"Ulimwandikia," Bwana Mohdhar alisema polepole. "Wewe. Barua."

"Naam, Baba. Nane."

"Nane!" Jeilani alisimama. "Ami, nane! Huyu ameshafanya nikahi kwa karatasi. Mimi sitaki mke aliyesomwa na mabaharia."

"Hazikusomwa na mtu," Aqil alisema, na mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikakata. "Nilizichoma zote. Wala hapana neno la aibu ndani yake. Ukirudia neno hilo, Jeilani, nitasahau kwamba niko kwa watu."

Jeilani alimtazama mtu yule mwembamba, akapima, akachukua fimbo yake. "Nami naona kheri niende," alisema, akashuka ngazi za daka bila kuaga.

Ndani, Bi Hadia alimshika Shifaa mabega. "Umetuvua nguo," alimwambia bintiye kwa mnong'ono mkali. "Umetuvua nguo mtaa mzima. Nani amekufundisha mambo haya? Nani?"

"Wewe, Mama."

Bi Hadia akarudi nyuma hatua moja.

"Tangu Jaafar aliporudi, ni siku ngapi hukunena kuhusu tumbo lake? Nilikuwa nikilala nalo. Nikifumba macho naliona tumbo, namwona mwanamke na masanduku. Uliniambia wanaume hawanenepi bure, nami nikaamini, nikamuua mtu kwa ndaa."

Bi Hadia aliketi chini palepale, na unga wake mikononi.

Huku nje, Bwana Mohdhar alikuwa mzee ghafla. Alizungumza bila kumtazama Aqil. "Haya. Umesikia. Nani mwengine atamtaka sasa? Alhamisi mchukue. Mchukue uende naye Matondoni, msije mjini mpaka watu wasahau."

Shifaa alilaza paji la uso kwenye mlango. Fedheha ilikuwa imemwagwa, kofi litakuja, lakini Alhamisi ilikuwa imebaki yake. Akasubiri jibu la Aqil kama mtu anayesubiri maji.

"Alhamisi sioi, Ami."

"Unasemaje?"

"Simkatai. Wala siwezi kusema namtaka. Nina ndaa, Ami. Kwa ndaa hii sijui ninachokitaka." Akasogea hatua moja karibu na mlango, akasema na ubao. "Bi Shifaa. Wanisikia?"

"Nakusikia."

"Hoteli, uliyoniuliza kila mwezi nani ananipikia humo, ni nyumba ya watu wasio na kwao. Nilipewa chumba cha chini, kando ya jiko. Kengele ikilia, mnakula. Asubuhi mkate na siagi na mayai. Adhuhuri wali na kondoo. Alasiri chai na vitamu. Usiku nyama tena. Sikuwa na mama wala rafiki, jioni ikiingia sina la kufanya. Nikala. Nilikula kwa upweke, nikanenepa, kweli. Aliyenipikia alikuwa Msomali mwenye ndevu mpaka kitovuni."

Tima alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati.

"Barua yako ya kwanza nikaiona tamu. Nikasema, ana wivu, ananipenda. Nikaacha siagi na vitamu. Kila alasiri nikapanda mlima mpaka kwenye matangi ya mawe, nikashuka, watu wakaniona mwendawazimu. Mwezi wa pili kanzu zikanienea kama mwanzo. Ningeishia hapo, ingekuwa kheri, mwili wangu ulikuwa mwepesi na kazi naifanya. Ukaandika tena: nani anakupikia? Nikaacha wali. Ukaandika tena. Nikafunga Jumatatu na Alhamisi, na sikufunga kwa ajili ya Mungu, Mungu anisamehe. Mpishi akanikasirikia, akaniuliza mbele ya watu kama chakula chake kina sumu. Ukaandika tena. Mwisho nikawa naogopa hata tende. Nikiweka kitu mdomoni naona macho yako."

"Nilikuwa nakupenda, Aqil."

"Ulikuwa wanichunga. Hata mbuzi huachwa ale."

"Basi nipige. Nitukane. Lakini Alhamisi..."

"Sikiza. Nakwenda kwa mama. Nitakula, nitalala, nitachonga. Usiandike. Usimtume Tima kuja kunitazama nimenenepa au nimekonda. Usimuulize mtu wa Matondoni. Nikipona nitajua kama ninayemtaka ni wewe, au nilikuwa nakuogopa tu."

"Mpaka lini?"

Kwa mara ya kwanza Aqil alicheka, kicheko kibaya. "Wauliza tena."

Shifaa akauma mdomo mpaka akaonja chumvi. "Sitauliza," alisema.

Ndipo Bi Hadia aliposimama. Hakuna aliyemwambia. Alikwenda jikoni, akapakua wali wa nazi uliokuwa wa mchana, akaweka samaki mzima juu yake, akajifunika leso, akatoka mpaka daka, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe. Aliweka sinia mbele ya Aqil. "Kula, mwanangu. Huu nimepika mimi. Usitoke nyumbani kwangu na ndaa."

 Bwana Mohdhar alijisogeza, akamwachia nafasi.

Aqil alinawa. Akafinyanga tonge, akaliinua. Likafika karibu na mdomo, mkono ukasimama.  Akalirudisha siniani.

"Siwezi," alisema. "Kuna mtu ananitazama mlangoni."

Shifaa alikuwa kweli anamtazama. Jicho lake lilikuwa limeganda kwenye ufa, na ndani ya moyo wake alikuwa akiomba: ale, ya Rabi, ale, nione akila. Kuondoka pale kulimwia vigumu kuliko kusema mbele ya babake. Huyu alikuwa mtu aliyemngoja miezi kumi na mmoja, na pengine hatamwona tena maishani. Kila kilichokuwa ndani yake kilimwambia abaki.

Aliondoka. Alipita ukumbini akaenda mpaka ua wa nyuma, ambako hakusikiki neno la daka. Akakaa chini, mgongo ameupa nyumba. Ng'ombe wa harusi alikuwa akitafuna majani. Shifaa akajiziba masikio kwa viganja.

Hakujua alikaa muda gani. Jua lilikuwa limehama ukuta Tima alipomgusa bega.

"Amekwenda," alisema Tima. Alikuwa na sinia mkononi. Lile karipio lilikuwa limemtoka usoni. "Shifaa. Nikwambie?"

Sinia ilikuwa hapo hapo, hatua moja. Kugeuza shingo tu, angejua kama amekula au la.

"Usiniambie," Shifaa alisema, akaelekeza uso wake ukutani mpaka aliposikia maji yakimwagika na sinia ikioshwa.